Kutayarisha mchoro wa swichi ya MEMS kabla ya kuupeleka kiwandani

Swichi ya MEMS (mifumo midogo sana ya umeme na mitambo) ni boriti ya metali ambayo jicho tupu huiona kama doa tu. Upande mmoja umeshikwa na nanga, upande wa pili unaning'inia juu ya kituo cha mguso. Katikati, chini ya boriti, kuna elektrodi. Ukiipa elektrodi volti, boriti huvutwa chini, ncha inagusa, sakiti inafungwa. Ukiondoa volti, boriti hujinyanyua kwa ukakamavu wake yenyewe, na hakuna kingine kinachoisaidia kunyanyuka.

Hapo ndipo michoro mingi ya kwanza hufia. Mchoraji hupunguza volti ya kufunga kadiri awezavyo, swichi inatoka kiwandani, inafunga mara moja, na haifunguki tena. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hesabu ya kufunguka, kisha unakwenda kwenye mchoro, ukaguzi wa faili na makubaliano na kiwanda. Mfano tutakaoufuata ni swichi ya mguso wa metali, yenye boriti ya dhahabu iliyojengwa kwa kuchovya kwa umeme juu ya tabaka la muda ambalo huondolewa mwishoni.

Hatua ya 1: Pata kanuni za kiwanda kabla ya kuchora mstari wowote

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mchakato uliofungwa, ambapo unene wa kila tabaka umeshapangwa na wewe unachagua maumbo tu. PolyMUMPs ni mfano unaojulikana: boriti ya polisilikoni ya kwanza ina unene wa µm 2.0, tabaka la muda chini yake µm 2.0, na kinundu (kituta kidogo chini ya boriti, ndicho kinachogusa) kina kina cha µm 0.75. Ya pili ni mchakato unaoupanga pamoja na kiwanda au maabara. Njia ya pili hukupa uhuru wa unene, na kwa swichi ya mguso uhuru huo ni wa lazima, kama hesabu itakavyoonyesha.

Kwa njia yoyote ile, omba mambo haya kwa maandishi: unene wa kila tabaka pamoja na kiasi unachoweza kupotoka; mstari mwembamba kuliko yote na nafasi ndogo kuliko zote; kosa la kupanga maski (bamba lenye mchoro wa tabaka moja) moja juu ya nyingine (kwa mashine ya kugusanisha maski na wefa, yaani kisahani kinachojengewa chipu, kadiria µm 1 hivi); gridi ya kuchorea; namba za tabaka katika faili; na rangi ya kila maski, yaani kama umbo ulilochora litakuwa wazi au litakuwa na kromu. Uliza pia joto la juu kabisa baada ya tabaka la muda kuwekwa. Fotoresisti (utando unaobadilika kwa mwanga) inayotumika kama tabaka la muda ikiwa haikuokwa vizuri kuzidi joto la hatua zinazofuata, hutoa gesi chini ya metali na kuinua mapovu.

Hatua ya 2: Hesabu nguvu tatu, si volti peke yake

Kwa boriti iliyoshikwa upande mmoja, ukakamavu kwenye ncha ni

k = E·w·t³ / (4·L³)

ambapo E ni moduli ya Young, w upana, t unene na L urefu kutoka nanga hadi kinundu. Nguvu ya umeme haisukumi kwenye ncha bali katikati ya elektrodi, umbali a kutoka nanga. Ukakamavu wa hapo ni mkubwa zaidi: chukua fomula ileile na uweke a mahali pa L. Volti ambayo boriti huporomokea kwenye elektrodi ni takriban

V = √(8·k·g³ / (27·ε·A))

g ikiwa pengo la mwanzo, A eneo la elektrodi lililo chini ya boriti, na ε = 8.854×10⁻¹² F/m.

Tuanze na mchoro usiofaa, maana unafundisha. Boriti ya polisilikoni (E = GPa 160), urefu µm 200, upana µm 40, unene µm 2, pengo µm 2, elektrodi ya urefu wa µm 100 yenye kitovu µm 130 kutoka nanga. Ukakamavu wa ncha ni N/m 1.6, na volti ya kuporomoka ni karibu volti 20. Volti 20! Inavutia. Sasa angalia nguvu ya kurudisha: kinundu cha µm 0.75 kinaacha pengo la mguso la µm 1.25, kwa hiyo boriti ikiwa imeshuka inavuta kurudi juu kwa 1.6 × 1.25 = µN 2. Dhahabu safi iliyogusana na dhahabu inaweza kunatana kwa nguvu ya makumi ya µN. Hata tukiacha kwamba vinundu vya mchakato ule ni vya polisilikoni na hupitisha umeme vibaya, swichi hii ikishagusa dhahabu kwa dhahabu imekwisha.

Mchoro wa pili, ambao tutaendelea nao: dhahabu (E = GPa 78), L = µm 120, w = µm 100, t = µm 5, pengo µm 1.2, kina cha kinundu µm 0.6, elektrodi kuanzia µm 50 hadi 110 kutoka nanga, kitovu µm 80.

Ukakamavu wa ncha unakuwa N/m 141, na kwenye kitovu cha elektrodi N/m 476. Volti ya kuporomoka ni karibu 68. Nguvu ya kurudisha kwenye ncha ni 141 × 0.6 = µN 85. Hiyo inatosha kupambana na mnato wa mguso ulio safi na usiopitisha mkondo mkubwa.

Nguvu ya tatu ni ya mguso wenyewe. Ncha ikigusa, boriti imeshuka µm 0.34 juu ya elektrodi na pengo lililobaki pale ni µm 0.86. Kwa volti 95, elektrodi inavuta kwa µN 326 hivi. µN 163 zinatumika kukunja boriti tu, na zinazobaki zinagawanyika kati ya nanga na ncha. Fungu la ncha, a ikiwa theluthi mbili za L, ni karibu nusu (0.52), kwa hiyo mguso unapata µN 85. Dhahabu huhitaji kiwango cha makumi ya µN hadi mia hivi ili ukinzani wa mguso utulie. Chini ya hapo namba hurukaruka, na mtu huanza kulaumu uchafu wakati kosa liko kwenye hesabu. Usiweke vinundu viwili kwenye ncha moja bila kukumbuka kwamba kila kimoja kitapata nusu ya nguvu hiyo.

Kuna dari pia. Baada ya ncha kugusa, boriti imeshikwa pande zote mbili, na ukizidisha volti tumbo la boriti litaporomoka juu ya elektrodi. Kwa vipimo hivi hesabu ya mkono inatoa karibu volti 142. Elektrodi ikiwa haina kihami juu yake, kuporomoka huko ni mzunguko mfupi na chipu imeungua. Ukiifunika kwa kihami, chaji hukwama ndani yake na kusogeza volti ya kufunga siku hadi siku. Kwa swichi ya mguso, ni afadhali kuacha elektrodi wazi na kuweka vizuizi: vinundu vidogo vya ziada vinavyotua juu ya visiwa vya metali vilivyounganishwa na boriti yenyewe, ili vyote viwe na volti moja.

Fomula hizi zinachukulia kwamba nguvu yote iko kwenye nukta moja na mabamba yako sambamba. Si kweli, kwa sababu upande wa ncha hushuka zaidi na huvutwa zaidi. Zitumie kuchagua vipimo, kisha pitisha umbo kamili, pamoja na matundu yake, kwenye programu ya uchambuzi wa elementi zenye kikomo kabla ya kulifunga.

Hatua ya 3: Pima dirisha la volti kwa wefa mbaya

Volti ya kufunga hukua kwa kipeo cha 1.5 cha unene, na kwa kipeo hichohicho cha pengo. Unene ukizidi kwa asilimia 10 na pengo likazidi kwa asilimia 10, volti inazidishwa kwa 1.1³ = 1.33, na ile 68 inakuwa 90. Vyote viwili vikipungua asilimia 10, inashuka hadi 50, na dari ya 142 inateremka hadi karibu 104.

Maana yake ni hii: volti ya kuendeshea inayofaa chipu zote za wefa iko kati ya 90 na 104, siyo kati ya 68 na 142. Ndiyo sababu hesabu ya mguso hapo juu ilitumia 95. Aliyechagua 85 kwa kuangalia mchoro wa kawaida tu atapata chipu za katikati ya wefa zinazofanya kazi na za ukingoni zisizofunga. Dirisha likikosekana kabisa, usiombe kiwanda miujiza. Sogeza elektrodi karibu na ncha, au ongeza vizuizi ili dari ipande.

Uga wa umeme katika pengo la µm 0.86 kwa volti 95 unazidi V/µm 100. Ni uga mkali. Kingo zote za elektrodi zichorwe na pembe za mviringo, nusu kipenyo µm 3 au zaidi, na kusiwe na ncha kali inayoelekea boriti.

Hatua ya 4: Mkunjo wa boriti

Metali iliyochovywa huwa na mkazo usiolingana kati ya uso wa chini na uso wa juu. Ikiachiliwa, boriti hujikunja kwa kiasi cha Γ·L²/(2E), Γ ikiwa badiliko la mkazo kwa kila maikromita ya unene. Kwa Γ ya MPa 2 kwa µm, boriti yetu ya µm 120 inainuka au kushuka µm 0.18 kwenye ncha. Hiyo ni karibu theluthi ya pengo la mguso. Boriti ya urefu maradufu ingejikunja µm 0.74, yaani ikielekea chini tayari imegusa kabla ya kupewa volti yoyote. Ufupi hapa ni kinga kubwa kuliko mbinu yoyote ya kemikali.

Chanzo cha kawaida cha mkunjo wa kuelekea chini ni tabaka la mbegu, ile metali nyembamba inayowekwa kwanza ili umeme wa kuchovya upite. Kromu au titani iliyo na mkazo wa kuvuta, ikikaa chini ya dhahabu nene, huvuta ncha ishuke. Kuna jambo lingine hapo ambalo husahauliwa mara nyingi: uso wa chini wa kinundu ni uso wa chini wa mbegu. Mbegu ikiwa titani kisha dhahabu, basi kinachogusa ni titani, na titani huota oksidi papo hapo. Ama panga hatua ya kuondoa titani hiyo baada ya kuachilia boriti, ama agiza mbegu inayoanza na dhahabu. Andika uamuzi huo kwenye hati ya mchakato, usiutegemee kumbukumbu ya fundi.

Hatua ya 5: Chora tabaka kwa tabaka

Maski za mfano wetu ni tano, kwa mpangilio huu:

1. Metali ya chini: elektrodi, njia za mawimbi, vituo vya mguso, visiwa vya vizuizi (kwa mfano nm 20 za titani na nm 300 za dhahabu).
2. Vinundu: madirisha yanayochongwa nusu kina, µm 0.6 ndani ya tabaka la muda la µm 1.2.
3. Nanga: madirisha yanayopenya tabaka la muda hadi chini.
4. Ukungu wa boriti: fotoresisti ya µm 7 hadi 8 inayozuia dhahabu isipande mahali pasipotakiwa. Iwe nene kuliko dhahabu. Dhahabu ikifurika juu ya ukungu huota kofia pembeni kama uyoga.
5. Pedi za kuunganishia, ikiwa unataka metali tofauti hapo.

Kina cha kinundu ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu uchongaji husimamishwa kwa saa, si kwa kufika kwenye tabaka lingine. Kosa la µm 0.1 linabadili nguvu ya kurudisha kwa µN 14. Ikiwa kiwanda kinaweza kuweka tabaka la muda mara mbili kwa vifaa viwili tofauti, ili uchongaji wa kinundu usimame wenyewe kwenye mpaka, lipia hatua hiyo ya ziada.

Kila umbo linalofunika lingine lipewe ukingo. Kanuni rahisi: ukingo uwe mara mbili ya kosa la kupanga maski, pamoja na kiasi ambacho dirisha hupanuka wakati wa kuchongwa. Kwa kosa la µm 1, kituo cha mguso kizidi kinundu kwa µm 2 angalau kila upande, na metali ya nanga izidi dirisha la nanga kwa µm 4 hadi 5. Kinundu cha kipenyo cha µm 6 chenye kitovu µm 120 kutoka nanga kinahitaji kituo kinachoanza µm 115. Elektrodi inaishia µm 110, kwa hiyo nafasi kati yao ni µm 5. Boriti yenyewe iendelee hadi µm 128 ili ifunike kinundu vizuri.

Hapo pana mtego. Metali ya chini ikichongwa kwa kemikali ya maji, kemikali hula pembeni pia, na kila mstari hupungua. Fidia hiyo huongezwa mara moja tu. Kubalianeni ni nani anayeongeza: wewe kwenye mchoro, au kiwanda wakati wa kuandaa maski. Mkiongeza wote, ile nafasi ya µm 5 inaanza kufungwa, na elektrodi yenye volti 95 inakaribiana na njia ya mawimbi.

Matundu ya kuachilia yanahitajika kwa sababu boriti ni pana µm 100 na kemikali huingia pembeni tu. Tundu la kipenyo cha µm 8 kwa kila µm 20 linatosha kwa kawaida, na linachukua karibu asilimia 13 ya eneo. Uga wa kingo hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea, na boriti yenye matundu hulegea kidogo, kwa hiyo volti haipandi sana. Usiweke tundu juu ya kinundu wala ndani ya µm 10 kutoka nanga. Sehemu ya nanga ndiyo inayobeba mkunjo wote. Tundu pale ni mwanzo wa ufa.

Nanga nayo ikae mbali na elektrodi. Ngazi ambayo boriti inapanda kutoka nanga hadi juu ya tabaka la muda hufanya mzizi wa boriti ulegee kuliko fomula inavyodai. Upana wa nanga ulingane na wa boriti au uzidi, na urefu wake usiwe chini ya µm 40.

Usiache metali yoyote ikielea bila kuunganishwa. Kipande kilichotengwa chini ya boriti hukusanya chaji na kuvuta boriti wakati usiotarajia.

Hatua ya 6: Miundo ya majaribio

Chipu isiyo na miundo ya majaribio ikifeli, utabaki kubahatisha. Tenga walau sehemu ya kumi ya eneo kwa ajili yake, na usiitoe sadaka ili kuongeza swichi moja zaidi.

Ya lazima ni safu ya boriti zilizoshikwa upande mmoja, zenye urefu wa µm 50 hadi 300 kwa hatua za µm 25. Mkunjo wake ukipimwa, Γ inapatikana moja kwa moja. Ongeza boriti zilizoshikwa pande mbili za urefu tofauti. Ile fupi kuliko zote iliyopinda hukupa mkazo wa kubana, kwa kuwa boriti hupinda mkazo unapofika π²·E·t²/(3L²). Kwa mkazo wa kuvuta, weka pete zenye mhimili wa katikati. Weka pia mguso wa waya nne wenye kinundu kilichobanwa chini daima, mraba wa kupima ukinzani wa kila tabaka, vipimio vya kupanga maski mbili mbili, na mistari ya µm 1, 1.5, 2, 3 na 5 kwa kila maski ili uone ni wapi picha inaharibika.

Kisha chora swichi yenyewe kwa vipimo kadhaa. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja: urefu wa µm 100, 120 na 140; au kinundu cha kipenyo cha µm 4, 6 na 8. Anayebadili vitatu pamoja hatajua kipi kilichoponya. Kila moja iandikwe jina lake kando kwa herufi zilizochorwa kama maumbo. Maandishi ya kawaida ya programu ya kuchorea hayafiki kwenye maski, hupotea njiani.

Hatua ya 7: Kagua faili kana kwamba ni la mtu mwingine

Faili hutumwa kwa GDSII, muundo wa kawaida wa faili za michoro ya chipu. Kipimo cha ndani kiwe nm 1, na kila kona ikae kwenye gridi ya kiwanda. Duara ligeuzwe poligoni yenye kona za kutosha (64 zinatosha kwa tundu la µm 8), kisha kona zake zirudishwe kwenye gridi. Ondoa mistari isiyo na upana, poligoni zinazojikata zenyewe, na seli mbili zenye jina moja. Jina la seli liwe fupi, herufi na namba tu, lisizidi herufi 32.

KLayout ni programu ya bure na inakubali kanuni za ukaguzi zilizoandikwa kama skripti. Andika kanuni zote za Hatua ya 5 humo: upana, nafasi, ukingo, umbali wa juu kutoka tundu hadi tundu. Hiyo ya mwisho husahaulika kwa kuwa wengi hukagua vilivyo vidogo mno, na si vilivyo vikubwa mno. Sehemu moja ya µm 60 isiyo na tundu itabaki na kipande cha tabaka la muda chini yake, na boriti haitashuka.

Ukaguzi wa programu hauoni maana. Kwa hiyo chukua swichi moja, ikate kwa mstari kutoka nanga hadi ncha, na uchore kwa mkono sura ya upande baada ya kila hatua. Kazi hii ya saa moja hukamata kosa baya kuliko yote: rangi ya maski iliyogeuzwa. Nanga na vinundu huchorwa kama matundu, yaani umbo lako ndilo litakalofunguliwa. Metali ya chini, ikiwa inachongwa, umbo lako ndilo litakalobaki. Ikiwa inawekwa kwa kunyanyua fotoresisti, rangi ya maski hugeuka: fotoresisti hufunguliwa ndani ya umbo lako. Ukungu wa boriti hufunguliwa pale boriti inapotakiwa. Kwa kila tabaka andika sentensi nzima: "Metali hubaki ndani ya umbo lililochorwa." Maneno "chanya" na "hasi" yaepuke kabisa, kwa sababu fotoresisti nazo zina chanya na hasi, na watu wawili wanaweza kukubaliana kwa maneno huku kila mmoja akimaanisha lake.

Kabla ya kutuma, linganisha toleo la mwisho na lililotangulia kwa hesabu ya tofauti, tabaka kwa tabaka. Kinachoonekana kiwe kile ulichokusudia kubadili na si kingine. Tuma faili pamoja na namba yake ya SHA-256 (alama inayobadilika faili likiguswa), na omba kiwanda kikurudishie picha ya faili lilivyo baada ya kugeuzwa kuwa data ya maski. Ifungue picha hiyo na uikague upya.

Hatua ya 8: Hati zinazoambatana na faili

Kiwanda kinahitaji jedwali la tabaka, mkato wa upande wenye unene wote, orodha ya vipimo visivyoruhusiwa kupotoka (kwetu: kina cha kinundu, unene wa boriti, pengo), na mahali pa kuvipima.

Toa pia eneo litakalochovywa dhahabu, kwa cm² za wefa nzima. Mkondo hupangwa kwa eneo hilo, na likikosewa unene wote umekosewa. Hesabu ni nyepesi: µm 5 za dhahabu juu ya cm² 1 ni mg 9.65, na kwa chumvi ya dhahabu yenye chaji moja hiyo ni kulombi 4.7. Kwa mkondo wa mA 2 kwa cm², inachukua dakika 39 hivi. Maumbo yaliyo peke yake kwenye uwanja mtupu huvuta mkondo mwingi na kunenepa kuliko yaliyosongamana, kwa hiyo jaza sehemu tupu kwa maumbo ya bandia, µm 100 au zaidi kutoka kwenye swichi, yakiwa na nanga chini yake ili yasing'oke na kuelea.

Kata chipu kabla ya kuachilia boriti, zikiwa zimefunikwa na fotoresisti. Maji ya msumeno yakifika kwenye boriti iliyo huru yataivunja au kuigandisha chini. Acha njia ya msumeno ya µm 100 au zaidi isiyo na metali.

Hatua ya 9: Kuachilia, kukausha na jaribio la kwanza

Kioevu kinapokauka chini ya boriti, mvutano wa uso wake huivuta boriti hadi chini, na ikishagusa hubaki hapo. Ama ondoa tabaka la muda kwa plazma ya oksijeni pasipo kioevu chochote, ama kausha kwa kaboni dioksidi iliyopitishwa juu ya nukta yake mahututi, nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74 hivi, mahali ambapo hakuna tena uso kati ya kioevu na gesi. Plazma ni rahisi zaidi, ila ikikatishwa mapema huacha utando wa kaboni kwenye kinundu, na ukinzani wa mguso hupanda hadi makumi ya omu au zaidi.

Kabla ya kuunganisha waya wowote, pima urefu wa ncha kwa kipimio cha mwanga mweupe. Boriti iliyo chini isipewe volti.

Katika jaribio la kwanza, weka rezista ya megaomu 1 kwenye njia ya elektrodi, na upandishe volti kwa hatua za volti 1 ndani ya nitrojeni kavu. Upande wa mguso tumia mV 50 tu: mguso wa dhahabu huanza kulainika kwenye mV 80 hivi na kuyeyuka kwenye mV 430, na dhahabu iliyolainika hunata. Rekodi volti ya kufunga na volti ya kufunguka kwa mizunguko 10 ya mwanzo, kisha geuza alama ya volti na urudie. Volti mbili za kufunga zikitofautiana kwa alama tofauti, kuna chaji iliyokwama mahali fulani, pengine kwenye kihami kilicho wazi pembeni mwa elektrodi. Volti ya kufunguka ikishuka mzunguko baada ya mzunguko huku ya kufunga ikitulia, mguso unaanza kunata, na swichi hiyo isiendeshwe zaidi hadi kinundu chake kiangaliwe chini ya hadubini ya elektroni.